Pengo la Hisabati kati ya wasichana na wavulana linatengenezwa shuleni

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka mwishoni mwa Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, somo la Hisabati huzungumzwa kwa siku mbili tatu, kisha hunyamaziwa hadi Januari nyingine. Naomba nafasi katika gazeti lako nilizungumzie somo hilo sasa, wakati mjadala umekwisha poa, kwa sababu limo ndani yake jambo moja ambalo kila mwaka hupitiwa haraka haraka na kupewa jibu lisilo la kweli.

Hisabati ni somo la lazima kwa mwanafunzi wa sekondari hadi kidato cha nne, na ndilo linaloangusha wengi. Katika miaka ya karibuni, waliopata kuanzia alama D kwenda juu wamekuwa kama moja ya tano hadi robo tu ya watahiniwa. Ndani ya ufaulu huo mdogo, wasichana wamekuwa wakifaulu kwa kiwango cha chini kuliko wavulana. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba wasichana hawana kichwa cha hesabu. Nimelisikia neno hilo kwenye vikao vya wazazi, nimelisikia kwenye daladala, na kwa masikitiko makubwa nimelisikia katika ofisi za walimu, likitamkwa na watu waliokabidhiwa kazi ya kuwafundisha hao hao wasichana. Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika sekondari ya serikali, na kazi hiyo nimeifanya sehemu kubwa ya maisha yangu. Ninaandika kusema kwamba neno hilo ni uongo, na kwamba ni uongo unaotugharimu, kwa kuwa unampa mwalimu, mzazi na kiongozi wa elimu ruhusa ya kutofanya lolote. Pengo lipo, lakini mtoto hazaliwi nalo. Linatengenezwa shuleni, mbele ya macho yetu, na huko huko shuleni linaweza kuondolewa.

Kama pengo hili lingekuwa la maumbile, tungelikuta vile vile kila mahali. Ushirika wa wizara za elimu za Kusini na Mashariki mwa Afrika, unaojulikana kwa kifupi kama SACMEQ, ulipima wanafunzi wa darasa la sita wa nchi wanachama kwa mtihani wa aina moja. Katika awamu za mwaka 2000 na 2007, Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi ambamo wavulana waliwazidi wasichana katika Hisabati. Shelisheli, kwa mtihani huo huo, wasichana ndio waliowazidi wavulana. Omani nayo, nchi ambayo wasomaji wengi wa gazeti hili wana ndugu huko, imeshiriki mara kadhaa katika upimaji wa kimataifa wa Hisabati na Sayansi uitwao TIMSS kwa wanafunzi wa darasa la nne na la nane, na wasichana wake wamekuwa wakiwatangulia wavulana kwa tofauti isiyo ndogo. Binamu wawili wenye bibi mmoja, mmoja akisoma Maskati na mwingine Tanga, hawawezi kuwa na vichwa vya aina mbili kwa sababu tu ya bahari iliyo kati yao.

Ushahidi ulionishawishi kuliko wote, hata hivyo, umetoka Ufaransa. Nchini humo kila mtoto anayeanza darasa la kwanza hupimwa lugha na hesabu mwanzoni kabisa mwa mwaka wa masomo, hupimwa tena baada ya miezi kama minne, na hupimwa mara ya tatu anapoanza darasa la pili. Watafiti walikusanya vipimo hivyo kwa watoto zaidi ya milioni mbili na nusu kati ya mwaka 2018 na 2022, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature. Walipoingia darasani, wasichana na wavulana walikuwa karibu sawa kabisa katika hesabu. Baada ya miezi minne tu wavulana walikuwa wametangulia, na walipofika darasa la pili pengo lilikuwa limepanuka zaidi. Lilionekana katika mikoa yote ya nchi hiyo, kwa watoto wa wenye nacho na wa wasio nacho. Watafiti wakajiuliza kama kilichofanya kazi ni umri au ni shule, wakawalinganisha watoto ambao tarehe zao za kuzaliwa zimekaribiana sana lakini wameandikishwa miaka tofauti. Pengo likaonekana kufuata muda ambao mtoto amekaa darasani, wala halikufuata umri wake. Zaidi ya hapo, kwa watoto ambao darasa lao la kwanza lilikatizwa na kufungwa kwa shule wakati wa UVIKO-19, pengo halikupanuka kwa kasi ile ile.

Naomba kila mwalimu mwenzangu akae na jambo hilo kwa muda. Watoto wameingia mlangoni wakiwa sawa. Miezi minne baadaye hawako sawa. Katika miezi hiyo minne hakuna ubongo uliobadilika umbo. Kilichobadilika ni kwamba wamekutana na sisi.

Nini hasa kinatokea katika kukutana huko? Vipimo vya watoto milioni mbili sina, lakini nina madarasa niliyokaa nyuma yake nikimtazama mwenzangu akifundisha, kama utaratibu wa kazi yetu unavyotutaka tufanyiane, na nitaeleza jambo moja ambalo nimeliona mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuliita bahati mbaya. Mwalimu anaandika ubaoni mlinganyo: 3(x − 2) = 15. Anamwita mvulana. Mvulana anaandika 3x − 2 = 15, kosa la kawaida kabisa la kufungua mabano. Mwalimu anamwambia, "Hebu rudi nyuma. Hiyo tatu inazidisha nini na nini?" Mvulana anasimama, anakuna kichwa, darasa linacheka kidogo, anafuta, anaandika 3x − 6 = 15, na hatimaye anafika kwenye x = 7. Anarudi kiti chake akiwa anajua mabano. Mwalimu anaandika mlinganyo mwingine: 4(x + 1) = 20. Anamwita msichana. Msichana anaandika 4x + 1 = 20, kosa lile lile kwa herufi na tarakimu. Mwalimu anasema kwa sauti ya upole, "Haya, kaa. Nani amsaidie mwenzake?" Mikono inanyoshwa, mwingine anakimbilia ubaoni, jibu linapatikana, somo linaendelea.

Mwalimu huyo hakumkaripia msichana wala hakumdharau. Kama ungemuuliza, angekwambia kwamba alitaka kumsitiri asiaibike mbele ya wavulana, na angekuwa anasema kweli. Lakini pima walichoondoka nacho watoto wale wawili. Mmoja ameondoka na kanuni ya kufungua mabano pamoja na imani kwamba kosa lake linarekebishika na kwamba mwalimu ana muda wa kumngoja. Mwingine ameondoka bila kanuni, akiwa amejifunza kwamba akikosea, kazi yake itamaliziwa na mtu mwingine. Lifanye hilo mara moja, halina uzito. Lifanye kila kipindi, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, kisha mtazame msichana huyo akiingia kwenye chumba cha mtihani, ambako hakuna wa kumsaidia.

Na chumba cha mtihani kinaonyesha matunda yake. Anayesahihisha karatasi nyingi za majaribio na mitihani ya utimilifu huanza kuona tabia ambazo haziko kwenye mwongozo wa usahihishaji. Katika swali la ngazi ya mita 13 iliyoegemezwa ukutani, mguu wake ukiwa mita 5 kutoka ukutani, ambapo hutafutwa kimo inapogusa ukuta, msichana mmoja aliandika hatua zote sawasawa: 13 mara 13 ni 169, 5 mara 5 ni 25, 169 toa 25 ni 144, kipeuo chake cha pili ni 12. Kisha akachukua rula, akapiga mstari mnyoofu juu ya kazi yote ile, akaacha nafasi tupu. Nilimwita nikamuuliza kwa nini amekata jibu lililo sahihi. "Nilidhani haliwezi kuwa rahisi hivyo, mwalimu," alinijibu. Mvulana aliyekaa dawati la mbele yake alikuwa amejumlisha 169 na 25, akatafuta kipeuo chake akapata 13.9, yaani ngazi ya mita 13 inayogusa ukuta mahali palipo juu kuliko urefu wake yenyewe, na akalipigia jibu hilo mistari miwili chini kwa kujiamini kabisa. Kwa alama, wote wawili walipoteza swali. Kwa ujuzi, hawakuwa sawa hata kidogo, na aliyejua ni msichana.

Hili nalo halikuanzia kwetu. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), linaloendesha upimaji wa kimataifa wa PISA kwa vijana wa miaka 15, limeonyesha kwa miaka mingi kwamba wasichana, hata wale wanaofanya vizuri, huripoti hofu kubwa zaidi ya Hisabati kuliko wavulana. Na katika ripoti yake ya mwaka 2015 lilionyesha kwamba unapowalinganisha wasichana na wavulana wenye kiwango kimoja cha kujiamini na cha hofu, tofauti ya alama hutoweka. Maana yake ni kwamba tunapomfundisha msichana kuogopa, hatuharibu hisia zake tu. Tunamnyang'anya alama.

Ziko njia nyingi za kumfundisha hofu bila kutamka neno baya. Mojawapo ni sifa. Tazama maneno tunayoandika kwenye madaftari: kwa msichana aliyepata vizuri tunaandika "Kazi safi, endelea na juhudi", kwa mvulana aliyepata kama yeye tunasema "Huyu ana akili." Mmoja tumemsifu kwa mwandiko na bidii, mwingine kwa kichwa. Siku swali gumu litakapokuja, yule aliyesifiwa kichwa ataona swali ndilo gumu, na yule aliyesifiwa bidii ataona bidii yake imefika mwisho.

Njia nyingine ni hofu ya mwalimu mwenyewe, na hapa tunapaswa kuwa wakweli kuhusu shule za msingi. Walimu wengi wa madarasa ya chini ni wanawake, na wengi wao walipita kidato cha nne kwa masomo mengine, Hisabati ikiwa imewashinda, kama ilivyowashinda watahiniwa wengi wa rika lao. Hilo si kosa lao. Wanapangiwa vipindi vya hesabu na kuingia darasani wakiwa na wasiwasi ambao watoto wanauona. Utafiti mdogo uliofanywa Marekani na Sian Beilock na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia walimu wanawake wa darasa la kwanza na la pili kwa mwaka mzima: mwanzoni mwa mwaka hofu ya mwalimu haikuwa na uhusiano na matokeo ya watoto, lakini kufikia mwisho wa mwaka wasichana waliofundishwa na walimu wenye hofu zaidi ndio walioelekea zaidi kuamini kwamba hesabu ni ya wavulana, na ndio waliofanya vibaya. Wavulana wa madarasa hayo hawakuathirika. Mtoto wa miaka saba humtazama mtu mzima anayefanana naye ili ajue atakuwa nani.

Nisieleweke kuwa naondoa lawama nyumbani. Hisabati ni somo la mazoezi, na mazoezi yanataka muda. Kengele ya mwisho inapolia, mvulana wa kidato cha pili anaweza kwenda mpirani na bado akabakiwa na saa moja ya mwanga kabla ya giza. Dada yake anakuta ndoo, jiko, vyombo na mdogo wao mgongoni. Kitabu anakifungua usiku, kama umeme upo na kama usingizi haujamshinda. Kuna pia siku anazokosa shule kila mwezi kwa sababu ya hedhi, hasa pale ambapo vyoo vya shule havina maji wala mlango wa kufungika. Katika Historia, aliyekosa kipindi anaweza kuazima daftari la mwenzake akanakili. Hisabati inashonwa kama mkeka, ukili kwa ukili. Aliyekosa ukili wa vipeo hana pa kushikiza ukili wa logarithimu, na anachokiona mwalimu wiki mbili baadaye ni msichana asiyeelewa, wala haoni siku tatu zilizokosekana.

Lugha inaongeza mzigo. Mtoto aliyejifunza sehemu, asilimia na maumbo kwa Kiswahili kwa miaka yote ya shule ya msingi anaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, hata maelekezo ya swali. Mzigo huu ni wa wote, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba unachangia sana anguko la somo lenyewe. Lakini namna pekee ya kuuvuka ni kuuliza, kuuliza tena, na kukubali kukosea kwa sauti mbele ya wenzako; na huo ndio mlango ambao tumekwisha mfungia msichana tangu darasa la kwanza.

Halafu inakuja kidato cha tatu, mwaka ambao wanafunzi hugawanywa katika mikondo ya sayansi, sanaa na biashara. Hisabati inabaki kuwa ya lazima kwa wote, lakini ni kwenye karatasi tu. Kwa kuwa daraja la mwanafunzi hukokotolewa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, mwanafunzi anaweza kupata daraja la kwanza huku Hisabati akiwa na F, na wapo walimu wanaowashauri wazi wazi waliosongwa "waiache hesabu wakaze mengine." Ushauri huo huwafikia wasichana kwanza. Nimeona msichana aliyekuwa na alama C thabiti katika upimaji wa kidato cha pili akishauriwa aende sanaa kwa sababu "kule atang'ara zaidi," na mvulana mwenye D akiachwa sayansi kwa sababu "atajikaza." Miaka miwili baadaye, orodha za tahasusi za kidato cha tano zenye Hisabati ya juu, kama PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), zinapotoka zikiwa zimejaa wavulana, tunasema tazama, wasichana hawapendi hesabu.

Kwamba wanaiweza, ushahidi uko nchini mwetu. Kabla Baraza halijaacha kutangaza shule kumi bora, shule za wasichana kama St. Francis ya Mbeya, Canossa ya Dar es Salaam na Marian ya Bagamoyo zilikuwa wageni wa kudumu wa orodha hiyo. Najua jibu linalokuja: shule hizo huchagua wanafunzi na hutoza ada ambayo mzazi wa kawaida haiwezi. Ni kweli, na kwa hiyo sisemi kwamba kila msichana apelekwe shule ya bweni ya wasichana peke yao. Ninachosema ni kwamba ndani ya shule hizo swali gumu haliwezi kupewa mvulana, kwa sababu hayupo. Kila anayekosea ubaoni ni msichana, kila anayesahihisha kosa lake ni msichana, na wa kwanza darasani ni msichana, wala hakuna anayeshangaa. Serikali nayo imejenga sekondari za wasichana za sayansi katika mikoa, jambo la kupongezwa kwa dhati. Lakini wasichana wengi wa nchi hii wataendelea kusoma katika shule za kata za mchanganyiko, na darasa lao ndilo ninalolitetea.

Wasiosoma vitabu vyetu nao wanatoa ushahidi. Nenda kwenye kikao chochote cha VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, tazama nani anashika daftari la hisa, mikopo, riba na faini, na nani anapiga mahesabu ya mgao wa mwisho wa mwaka hadi shilingi ya mwisho. Mara nyingi ni mama aliyeishia darasa la saba, ambaye shuleni aliambiwa hana kichwa cha hesabu.

Mwaka 2014 Maryam Mirzakhani wa Irani alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kupata Nishani ya Fields, tuzo ya juu kabisa ya Hisabati. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa shule ya kati alifanya vibaya katika somo hilo mwaka mmoja, kwa sababu mwalimu wake hakumwona kuwa na kipaji, na yeye akapoteza hamu. Mwaka uliofuata akapata mwalimu aliyemtia moyo, akainuka. Akaja kupata nishani ya dhahabu katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati mwaka 1994, na tena mwaka 1995 kwa alama zote. Iwapo mtu wa kiwango hicho aliweza kuangushwa na macho ya mwalimu mmoja, tujiulize ni wangapi wa kwetu walioangushwa wasipate wa kuwainua. Nasi tunaye Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata shahada ya uzamivu katika Hisabati, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ambaye pamoja na utafiti wake wa mwendo wa vimiminika aliandika na kufanya kazi kwa miaka mingi juu ya suala hili hili la wasichana na Hisabati. Sijui kwa nini picha yake haipo katika kila ofisi ya idara ya Hisabati nchini.

Kuhusu wavulana niseme kwa ufupi. Wengi wao nao wanafeli, na mvulana asiyeelewa hesabu huficha kwa kelele na kujifanya anajua, kwa sababu ameambiwa hesabu ni ya wanaume. Mwalimu atakayejifunza kumngoja msichana ubaoni atajifunza pia kumsikiliza mvulana wa namna hiyo, na sioni mtoto atakayepoteza chochote kwa hilo.

Mambo yanayoweza kufanyika hayahitaji mfadhili. Mwalimu anaweza kuamua kwamba anayeitwa ubaoni haondoki hadi afike kwenye jibu, awe wa kike au wa kiume, na kwamba darasa litangoja kimya. Anaweza kuita kwa kufuata orodha ya mahudhurio badala ya kufuata mikono iliyonyoshwa. Mkuu wa shule anaweza kutenga saa moja baada ya vipindi, kabla wanafunzi hawajaruhusiwa kwenda nyumbani, iwe ya mazoezi ya Hisabati kwa wote, ili msichana ayamalize kabla ya kukutana na ndoo. Wathibiti ubora wanapokuja kutukagua wanaweza kuhesabu nani ameulizwa maswali na nani amengojwa, badala ya kuishia kwenye andalio la somo. Vyuo vya ualimu vinaweza kumpa mwalimu wa shule ya msingi muda wa kuipenda hesabu upya kabla ya kumkabidhi watoto.

Liko pia ombi langu kwa Baraza la Mitihani. Katika ukurasa wa matokeo ya kila shule, jedwali la madaraja hutenganisha wasichana na wavulana: tunaona wangapi wa kike na wangapi wa kiume wamepata daraja la kwanza, la pili, hadi sifuri. Lakini jedwali la masomo, linaloonyesha waliofanya na waliofaulu kila somo, huwachanganya wote pamoja. Anayetaka kujua wasichana wa shule fulani wamefanya nini katika Hisabati inambidi ashuke mstari kwa mstari kwenye orodha ya watahiniwa, atazame jinsia kando ya kila namba, na ahesabu kwa mkono. Mimi huifanya kazi hiyo kwa shule yangu na inanichukua jioni nzima; kompyuta ya Baraza ingeifanya kwa nchi nzima kwa muda mfupi sana. Safu mbili, moja ya wasichana na moja ya wavulana, zikiongezwa kwenye jedwali lile, kila mzazi, kila diwani na kila afisa elimu wa kata ataliona pengo la shule yake kwa jina lake, na ataona pia zile shule za mchanganyiko ambako pengo halipo, ili tukawaulize walimu wake wanafanyaje.

Wakuu wa shule wenzetu hawana haja ya kulingoja Baraza. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili wanayo ofisini. Wayatoe kabla ya kugawa mikondo ya kidato cha tatu, wawaweke wasichana upande mmoja na wavulana upande wa pili, na kwa kila msichana mwenye C au zaidi ambaye jina lake linaelekea kuondolewa kwenye sayansi, wamwite yeye na mzazi wake waulizwe.

Wako katika ujenzi wa elimu,
Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro.